Mauaji ya Don Mellett

Mauaji ya Don Mellett yalitokea usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 16 Julai 1926, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Donald Ring Mellett alikuwa mhariri na mchapishaji wa gazeti la mji huo, Canton Daily News. Alipigwa risasi nyumbani kwake baada ya miezi mingi ya kuandika kuhusu uhusiano uliokuwapo kati ya polisi wa Canton na wauzaji wa pombe haramu. Watu kadhaa walihukumiwa kwa kosa hilo, miongoni mwao askari mpelelezi wa polisi ya Canton. Mkuu wa polisi wa mji huo naye alitiwa hatiani, kisha akaachiwa huru kesi iliporudiwa. Mwaka 1927 gazeti lilipewa Tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma.

Mji wa Canton

Canton ni makao makuu ya Kaunti ya Stark, kaskazini-mashariki mwa Ohio. Sensa ya mwaka 1920 ilionyesha kwamba mji ulikuwa na wakazi wapatao 87,000, wengi wao wakifanya kazi katika viwanda vya chuma na vya beringi. Wamarekani wengi waliujua kama mji wa William McKinley, rais aliyepigwa risasi mwaka 1901 na kuzikwa huko. Mwaka 1920 viongozi wa timu za kandanda ya Kimarekani walikutana Canton na kuanzisha chama ambacho baadaye kilikuja kuwa ligi ya NFL.

Lakini mji ulikuwa pia na sifa mbaya. Watu wa nje waliuita "Chicago ndogo". Karibu na katikati ya mji palikuwa na mtaa wa madanguro, nyumba za kamari na vilabu vya pombe, na wenyeji waliuita mtaa huo "Msituni". Biashara hiyo ilikuwapo tangu zamani, ila ilipata nguvu mpya kuanzia Januari 1920, sheria ya kupiga marufuku pombe ilipoanza kutumika Marekani nzima. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1933. Kiwanda kilipokataliwa kutengeneza bia, hamu ya wanywaji haikuisha. Faida iliyokuwa ikienda kwa viwanda halali ikaenda kwa magenge, na magenge yakawa na fedha za kutosha kumlipa askari mara nyingi zaidi ya mshahara wake. Yaliyotokea Canton hayaeleweki vizuri bila kukumbuka hesabu hiyo.

Mhariri na gazeti lake

Mellett alizaliwa mwaka 1891 huko Elwood, jimbo la Indiana, katika familia ya watu wa magazeti. Ndugu zake kadhaa waliingia katika kazi hiyo hiyo. Mmoja wao, Lowell Mellett, baadaye alikuwa msaidizi wa Rais Franklin D. Roosevelt. Don alisoma Chuo Kikuu cha Indiana, akaendesha gazeti dogo katika mji wa Columbus wa jimbo hilo, kisha akahamia Ohio na kufanya kazi Akron.

Alifika Canton mwaka 1925. Canton Daily News ilikuwa mali ya James M. Cox, gavana wa zamani wa Ohio aliyegombea urais mwaka 1920 kwa tiketi ya chama cha Democratic na kushindwa na Warren Harding. Mshindani wa gazeti hilo alikuwa Canton Repository, gazeti kongwe lililoanzishwa mwaka 1815 na John Saxton, babu wa mke wa Rais McKinley. Wafanyabiashara wakubwa wa mji walilizoea Repository na kupeleka matangazo yao huko. Cox alihitaji mtu wa kuliinua gazeti lake, ndipo Mellett, aliyeanza upande wa biashara, akakabidhiwa uongozi wote.

Njia aliyochagua ilikuwa kuandika kile ambacho kila mtu mjini alikijua na hakuna aliyekichapisha. Gazeti lilitaja nyumba za kamari, lilitaja majina ya wauza pombe, na lilihoji ni kwa nini hazivamiwi wakati hata mgeni angeweza kuonyeshwa mlango. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kumfikia mkuu wa polisi, Saranus Lengel. Mellett alidai katika makala za uhariri kwamba Lengel hafai na aondolewe.

Wapinzani wake walisema anatafuta wasomaji tu. Si uongo kwamba mauzo ya gazeti yalipanda, na mwajiri wake alitaka yapande. Hata hivyo mambo hayo mawili hayapingani: gazeti linaweza kupata wanunuzi kwa sababu linasema kweli, na watu wa Canton walikuwa wamekaa muda mrefu bila mtu wa kuwasemea. Kilicho wazi ni kwamba vitisho vilianza kumfikia na hakuacha kuandika.

Usiku wa mauaji

Jioni ya tarehe 15 Julai Mellett na mkewe Florence walikwenda kwenye dansi pamoja na marafiki. Walirudi nyumbani baada ya saa sita usiku. Florence aliingia jikoni kutayarisha kahawa kwa ajili ya wageni, naye Mellett akaenda kuliingiza gari bandani nyuma ya nyumba. Waliokuwa ndani walisikia milio ya risasi. Baadhi ya risasi zilifika kwenye nyumba yenyewe. Mellett alikutwa amelala chini karibu na banda la gari, risasi moja ikiwa imempata kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 34 na aliacha mke na watoto wadogo.

Hakuna aliyemwona mpigaji vizuri kiasi cha kumtaja. Waliovizia walikuwa gizani, na waliijua nyumba.

Upelelezi

Katika mauaji ya kawaida familia huenda polisi. Hapa polisi walikuwa ndio waliotuhumiwa na marehemu kila wiki katika gazeti lake, na hivyo hakuna aliyetegemea kwamba kituo cha Canton kingechunguza kwa moyo mmoja. Kwa sababu hiyo upelelezi uliendeshwa kwa njia isiyo ya kawaida. Magazeti ya sehemu mbalimbali za Marekani, pamoja na wananchi wa kaunti, yalichanga maelfu ya dola za zawadi kwa atakayetoa habari. Wapelelezi waliletwa kutoka nje. Aliyesifiwa zaidi ni Ora Slater, mpelelezi wa kujitegemea kutoka Cincinnati, mji ulio upande wa pili kabisa wa jimbo.

Walianza kwa kutafuta nani aliudhika zaidi na makala za Mellett, kisha wakafuatilia wageni waliokuwa wameonekana mjini siku za karibu na mauaji. Hapo lilijitokeza jina la Patrick McDermott, mtu aliyewahi kufungwa, kutoka eneo la migodi ya makaa ya mawe la Pennsylvania. Mwenzake, Steve Kascholk, alikubali kuzungumza. Alieleza kwamba yeye na McDermott waliitwa Canton na watu wawili wa biashara ya pombe haramu, Louis Mazer wa Canton na Ben Rudner wa mji jirani wa Massillon, na kwamba kazi waliyopewa ilikuwa kumpiga mhariri ili anyamaze. Kascholk aliingiwa na wasiwasi akaondoka mjini kabla ya usiku ule. McDermott alibaki.

McDermott alitafutwa kwa miezi kadhaa na kukamatwa Oktoba 1926.

Kesi

Msomaji aliyezoea mahakama za Afrika Mashariki, ambako kesi ya mauaji huamuliwa na jaji, azingatie kwamba huko Ohio hatia iliamuliwa na jopo la raia kumi na wawili. Chini ya sheria ya jimbo ya wakati ule, mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza, yaani yaliyopangwa, alipelekwa kwenye kiti cha umeme isipokuwa jopo lenyewe lipendekeze ahurumiwe, na hapo adhabu ilikuwa kifungo cha maisha.

Kesi ya McDermott ilimalizika Desemba 1926. Jopo lilimwona na hatia, likapendekeza huruma, naye akafungwa maisha. Mapema mwaka 1927 Rudner alitiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la pili, kosa ambalo nalo adhabu yake ilikuwa kifungo cha maisha. Mazer alichagua njia nyingine. Alikiri kosa dogo zaidi la kuua bila kukusudia na akageuka shahidi wa upande wa mashtaka.

Ushahidi huo ulifungua mlango wa kituo cha polisi. Floyd Streitenberger, askari mpelelezi wa Canton, alishtakiwa kwamba alishiriki katika njama, akatiwa hatiani mwaka 1927 na kufungwa maisha. Mwanzoni alikana kila kitu. Akiwa tayari amehukumiwa, alibadili maneno na kumtaja mkuu wake, Lengel. Kwa nguvu ya maelezo hayo Lengel alifikishwa mahakamani mwaka huo huo na jopo likamtia hatiani.

Lengel alikata rufaa na hukumu ikatenguliwa. Kesi iliporudiwa mwaka 1928, Streitenberger alikataa kutoa ushahidi dhidi yake. Bila shahidi huyo upande wa mashtaka haukuwa na mengi ya kuonyesha, na Lengel aliachiwa huru. Kisheria, kwa hiyo, mkuu wa polisi hana hatia katika mauaji haya, na hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa.

Yaliyobaki bila jibu

Orodha ya waliofungwa ni ndefu, lakini maswali kadhaa hayakufungwa pamoja nao. La kwanza ni mkono uliofyatua risasi. McDermott alitiwa hatiani, lakini alikana, na ushahidi dhidi yake ulitegemea sana maneno ya watu waliokuwa na sababu ya kujiokoa. La pili ni kusudi lenyewe. Kascholk alizungumzia kipigo. Mtu anayetumwa kupiga hahitaji kuvizia gizani na bastola. Ama mpango ulibadilika baada ya Kascholk kuondoka, ama yeye hakuambiwa wote. La tatu ni nani alikuwa juu kabisa. Waliofungwa walikuwa wauza pombe wa kiwango cha kati, mtu wa kukodiwa na askari mmoja. Kama kulikuwa na mwingine aliyetoa fedha au amri, mahakama haikumthibitisha.

Shahidi kama Mazer ni tatizo la kila kesi ya aina hii. Bila yeye hakuna anayefahamu yaliyosemwa ndani ya chumba. Akiwapo, kila neno lake limelipiwa kwa kupunguziwa adhabu. Ndiyo maana jopo moja huweza kuamini na jingine lisiamini.

Baada ya kesi

Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1927 ilitolewa kwa gazeti lenyewe, kwa mapambano yake dhidi ya ushirika wa wakuu wa mji na wahalifu, na kifo cha Mellett kilitajwa katika sababu za kuitoa. Walimu wa uandishi wa habari wa Marekani walianzisha mihadhara ya kumbukumbu yenye jina lake. Waandishi wengi walimweka pamoja na Elijah Lovejoy, mhariri aliyeuawa na kundi la watu huko Alton, Illinois, mwaka 1837 kwa kupinga utumwa. Mwaka 1930 mwandishi wa Chicago Tribune, Jake Lingle, alipouawa, baadhi walitaka kumlilia kwa namna hiyo hiyo, mpaka ilipogundulika kwamba Lingle alikuwa na urafiki wa faida na magenge yenyewe.

Gazeti la Canton Daily News halikuishi muda mrefu baada ya tuzo yake. Mwaka 1930 Cox aliliuza kwa wamiliki wa Canton Repository, na mji ukabaki na gazeti moja la kila siku. Repository lingali linachapishwa.

Maelezo marefu zaidi ya kesi hii yamo katika kitabu cha Thomas Crowl, Murder of a Journalist, kilichotolewa mwaka 2009 na Kent State University Press, chuo kikuu kilicho katika kaunti inayopakana na Stark.