Deni na Kalenda ya Mzazi (Sehemu ya Pili)

Januari inapofika katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, mahindi bado yamo ghalani na bei yake ingali chini, lakini shule zinafunguliwa. Hapo ndipo magunia yanapotoka. Mnunuzi huegesha lori kando ya barabara, mzazi hupimiwa na kulipwa, na jua halijatua fedha zote zimeingia katika akaunti ya shule. Kufikia Mei au Juni mzazi huyo huyo yuko sokoni akinunua mahindi kwa gorogoro, mara nyingi kwa pesa za kukopa. Alikuwa na chakula, akakiuza rahisi, akakirudia kwa deni.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi madeni ya nyumbani yanavyorundikana. Hii ya pili inahusu kuyalipa bila kumpoteza mtoto, kazi wala usingizi. Hoja yake ni kwamba familia nyingi za eneo hili huzama kwa sababu siku ya kulipa haipatani na siku ya kupata. Wazazi wamehubiriwa nidhamu hadi wakachoka kuisikia, na wengi wao wana nidhamu kuliko wanaowahubiria. Kilichowashinda ni tarehe.

Ushahidi wa hoja hiyo ulikusanywa papa hapa Bungoma. Kati ya 2012 na 2014, wanauchumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanza kazi Bungoma mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea. Waliona kwamba kati ya mavuno na msimu wa njaa bei ya mahindi katika masoko ya jirani ilikuwa ikipanda kwa asilimia 25 hadi 40. Kwa nini basi mkulima auze wakati wa mavuno? Ni kwa sababu karo, deni la dukani na matibabu havingoji Juni. Watafiti wakawapa baadhi ya wakulima mkopo mdogo wakati wa mavuno, dhamana ikiwa ni magunia yaliyobaki nyumbani kwao wenyewe, kila gunia likiwa na kibandiko. Mkulima alilipa karo kwa mkopo, akaweka mahindi, akayauza bei ilipopanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mkopo huo uliwaletea faida ya takriban asilimia 29.

Jambo la vibandiko linastahili kutajwa, maana kila mwenye ukoo mkubwa atalielewa. Baadhi ya wakulima walisema kibandiko kiliwasaidia kumjibu ndugu aliyekuja kuomba gunia: hili si langu tena, lina mkopo. Hata hivyo, vibandiko vilipotolewa peke yake bila mkopo, havikuleta mabadiliko ya kuonekana. Mkulima alihitaji kwanza pesa za kumvusha Januari.

Kwa hiyo deni lililopangwa kufuata mavuno lilimtajirisha kidogo mtu yule yule ambaye deni lisilojali mavuno lingemfilisi.

Lakini Kipsongo hakuna ghala la kusubiria. Kitongoji hiki cha Kitale kina familia nyingi za Waturkana zilizoondolewa makwao na ukame na wizi wa mifugo, na wengi wao hupata riziki siku kwa siku: kufua nguo za watu, kupalilia mashamba ya wenyewe, kuokota na kuuza vyuma kuukuu, kubeba mizigo sokoni. Mapato ni ya kila siku, na siku nyingine hayapo. Madai yana kalenda nyingine kabisa. Kodi ya nyumba hudaiwa kwa mwezi, karo kwa muhula, na bima ya afya kwa mwaka.

Hilo la bima linaonyesha shida ilivyo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, ambacho mfua nguo angeweza kukitenga kidogo kidogo. Sh3,600 kwa siku moja ni jambo jingine. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomruhusu mtu kukopeshwa mchango huo na kuulipa kwa vipande. Kukiri huko kwamba tarehe ndiyo ilikuwa shida kulikuja kwa kuchelewa, lakini kunafaa kukumbukwa kila mzazi anapoambiwa kwamba hana akili ya kupanga.

Pengo lililo kati ya pesa ya leo na dai la kesho ndilo lililojazwa na simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na Hazina ya Hasla Novemba 30, 2022. Zote hubonyezwa kwa kidole kile kile, na pengine ndiyo maana watu hudhani gharama zake zinafanana.

Chukua mfano wa mama anayefua nguo mtaa wa Milimani na kurudi Kipsongo jioni. Anadaiwa Sh800 za Fuliza, Sh4,000 za M-Shwari, Sh1,000 za Hasla, Sh3,000 za chama chake, na Sh1,500 zilizoandikwa katika daftari la duka. Jumla ni Sh10,300. Wiki hii ana Sh1,000 za kulipia madeni. Aanzie wapi?

Wengi huanza na anayepiga kelele zaidi. Ni kosa la kueleweka, na lina gharama. Kwa viwango vilivyowekwa Oktoba 2022, Fuliza ya kati ya Sh501 na Sh1,000 hutozwa Sh6 kwa siku baada ya siku tatu za bure, juu ya ada ya asilimia 1 ya kuichukua. Mwezi mzima wa kulaza Sh800 ni zaidi ya Sh160. Tena aliyekopa Sh501 hutozwa Sh6 zile zile za aliyekopa Sh1,000, ndiyo kusema kwamba mwenye mkopo mdogo hulipa karibu mara mbili kwa kila shilingi aliyoichukua. M-Shwari nayo hutoza asilimia 7.5 kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru: Sh300 kwa zile Sh4,000. Ukilipa siku ya kumi, ni Sh300. Ukilipa siku ya 29, ni hizo hizo. Hasla, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, haifiki Sh7 kwa mwezi kwa kila Sh1,000. Kwa bei hakuna mwingine kati ya mikopo hii mitatu ya simu unaoikaribia, ila muda wake ni siku 14, ambazo haziwezi kumfikisha mtu kwenye palizi, sembuse mavuno. Viwango hubadilika ushuru unapobadilika, kwa hiyo kila mtu asome vilivyopo kwenye simu yake kabla ya kupiga hesabu.

Kwa hesabu hizo, Fuliza hulipwa kwanza, maana kila siku inayopita ina bei. M-Shwari huandaliwa polepole, kwa bahasha au kwa kuwekewa na mtu wa kuaminika, ilipwe kabla ya siku 30 kutimia, kwa kuwa kuiwahi hakupunguzi chochote na kuichelewesha huleta asilimia 7.5 nyingine. Mkosi wa Fuliza ni kwamba hujilipa yenyewe: pesa yoyote inayoingia M-Pesa hunyakuliwa, hata kama ilikuwa ya unga. Mama anayelipwa kwa simu huku ana Fuliza anaweza kuamka na sufuria tupu ilhali jana alifanya kazi. Akiweza, aombe kulipwa taslimu hadi amalize deni hilo kwa kiasi anachochagua mwenyewe.

Na duka? Hesabu ya riba itamwambia alipe mwisho, kwa sababu mwenye duka hatozi kitu. Mwandishi wa makala haya haafiki. Mwenye duka ndiye mkopeshaji pekee ambaye saa moja usiku, mvua ikinyesha, atatoa unga kwa jina tu. Alipwe kitu kila wiki, hata Sh100, na alipwe na mzazi mwenyewe. Inauma kuona mtoto wa darasa la pili akitumwa kukopa sukari na kusikia mbele ya wateja kwamba daftari la kwao limejaa. Mtoto huyo amebebeshwa deni kabla hajajua kugawanya, na atalikumbuka miaka mingi baada ya Sh1,500 zile kulipwa.

Chama kina tabia yake. Vikundi vingi vya kukopeshana mezani hutoza asilimia 10 kwa mwezi, kiwango kikubwa kuliko cha M-Shwari, lakini riba hiyo hurudi kwa wanachama mgao unapofika. Zaidi ya hayo, tarehe za chama huwekwa na watu wanaojuana. Mwanachama aliyefiwa au aliyelazwa na mtoto hospitalini husimama, husema, na huongezewa muda. Programu ya simu haina sikio la namna hiyo. Lakini vyama navyo vina kosa moja la kalenda: vingi hugawana fedha Desemba, wakati wa Krismasi, wiki chache kabla ya karo. Kusogeza mgao hadi wiki ya kwanza ya Januari kunahitaji kikao kimoja tu.

Vijana wa bodaboda wa Kitale na Bungoma wana shida iliyogeuka upande wa pili. Mkopo wa pikipiki hulipwa kila siku au kila wiki, na hilo linafuata vizuri mapato ya barabarani. Tatizo ni kwamba mkataba hauna siku ya mtoto kuugua. Baba anayebaki nyumbani siku tatu kumwuguza mwanawe hupata simu, kisha onyo, na pengine pikipiki huchukuliwa. Kwa hiyo huamka na homa yake na kupanda barabarani. Anayepima mkopo kama huo asitazame tu kiasi cha kila siku. Ajiulize kama anaweza kuulipa kwa siku tano za kazi katika wiki. Kama unahitaji zote saba, umekwisha kumshinda kabla hajatia sahihi.

Uchovu wa akili unaoletwa na uhaba umepimwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani na wenzake waliowapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Mkulima yule yule alifikiri vibaya zaidi wakati wa uhaba kuliko alipokwisha kulipwa. Wakulima wa miwa wa Bukembe huko Bungoma, ambao wamewahi kungoja malipo yao kwa miezi, hawahitaji kuelezwa. Ni haki kuongeza kwamba utafiti wa Marekani wa 2016, uliowalinganisha watu kabla na baada ya siku ya mshahara, haukuona tofauti hiyo. Huenda siku chache za kungoja mshahara haziumizi kama msimu mzima wa kungoja mavuno. Vyovyote iwavyo, mzazi anayehesabu madeni saa nane za usiku hana budi kuamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto, na hasira ya asubuhi mara nyingi huwaangukia wao. Kupanga saa moja kwa wiki ya kuyatazama madeni yote kwenye karatasi, mchana, simu ikiwa mbali, humpa usiku wake.

Akiba ndogo ya ugonjwa isitolewe kafara kwa ajili ya kulipa haraka. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligawa masanduku ya kawaida yenye kufuli magharibi mwa Kenya, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, akiba ya afya ya waliopewa sanduku na ufunguo wake iliongezeka kwa asilimia 66. Wale ambao ufunguo ulishikwa na mtu mwingine hadi watimize lengo hawakunufaika hivyo kwa jumla, kwa kuwa pesa haikuweza kutoka mtoto alipougua ghafla. Anayefuta deni lote na kubaki mikono mitupu atakopa tena homa ya kwanza itakapobisha hodi, na atakopa pale palipo rahisi kubonyeza.

Tarehe nyingi zinaweza kuombwa zisogezwe. Shule kadhaa za sekondari za eneo hili hupokea mahindi, maharagwe au kuni badala ya pesa. Mzazi anayefanya hivyo aulize bei inayotumika, maana gunia likihesabiwa kwa bei ya mavuno, hasara ile ile ya lori imehamia langoni mwa shule. Afadhali aandikiane na mwalimu mkuu kulipa sehemu Januari na sehemu Juni.

Mkopeshaji wa kidijitali naye ana mipaka. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza kutisha, kutukana, au kuwapigia ndugu na marafiki waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Anayetendewa hivyo anaweza kushtaki kwa Benki Kuu na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tangu Aprili 2020, deni lisilofika Sh1,000 halimpeleki mtu kwenye orodha ya wadaiwa ya CRB, ofisi za kumbukumbu za mikopo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka.

Sehemu ya tatu itashughulikia wale ambao hesabu hizi zimewapita: Sheria ya Ufilisi ya 2015 na nafuu inayotoa kwa mdaiwa asiye na mali, Mahakama ya Madai Madogo, na suala la kufungwa jela kwa ajili ya deni, ambalo Jaji Martha Koome alilitolea uamuzi mwaka 2010 akiwa Mahakama Kuu.