Hesabu Ndani ya Fumbo: Namna Mchezo wa Video Unavyoweza Kufundisha

Mchezo wa video wa chemshabongo ni ule ambao mchezaji husonga mbele kwa kufumbua mafumbo badala ya kutegemea wepesi wa vidole, na kwa sababu hiyo unafaa sana kufundishia hesabu. Hata hivyo, si kila mchezo wenye namba hufundisha, kwani mingi humtoza mtoto ushuru: ajibu kwanza swali la kuzidisha, ndipo aruhusiwe kuendelea kukimbia na kuruka. Katika michezo ya namna hiyo hesabu huwa kizuizi cha burudani, na mtoto huzoea kuitazama hivyo.

Tofauti kati ya hesabu iliyobandikwa na hesabu iliyo kiini cha mchezo ilichunguzwa na watafiti wa Uingereza, Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth, waliochapisha matokeo yao mwaka 2011. Katika mchezo wao, Zombie Division, maadui wana namba kifuani, na kila mmoja hushindwa kwa silaha inayowakilisha kigawo cha namba yake, yaani namba inayoigawanya bila kuacha baki. Adui mwenye 12 huangushwa na 3, lakini 5 haimdhuru. Toleo jingine liliondoa hesabu katika mapambano na kuweka maswali mwishoni mwa kila hatua. Watoto waliopewa muda sawa walijifunza zaidi kwa toleo la kwanza, na walipoachiwa uhuru wa kuchagua, walilicheza kwa takriban mara saba ya muda waliotumia kwa toleo la pili.

Kanuni hiyo ya kuifanya hesabu kuwa kiini cha mchezo inaonekana waziwazi katika DragonBox, mchezo wa aljebra uliotolewa nchini Norwei mwaka 2012, ambao mmoja wa waanzilishi wake, Jean-Baptiste Huynh, alikuwa mwalimu wa hesabu. Kioo kimegawanywa pande mbili zenye kadi za picha, na kazi ya mchezaji ni kuliacha sanduku moja peke yake upande mmoja. Kadi ikiwekwa juu ya pacha wake mweusi, zote mbili hugeuka kimbunga kidogo cha kijani kinachotoweka kikiguswa, na hapo mtoto amekwisha kujumlisha namba na hasi yake akapata sifuri. Akiongeza kadi upande mmoja, mchezo haumruhusu kuendelea mpaka aongeze ileile upande wa pili, jambo ambalo ndilo sharti kuu la mlinganyo. Hatua kwa hatua picha huachia nafasi namba na herufi, na sanduku huwa x.

Mbunifu anayetaka kufuata njia hiyo hana budi kuanza na dhana anayokusudia kuifundisha, kisha aigeuze kuwa sheria ya mchezo, aingize sheria moja mpya kwa wakati mmoja, na aache kosa lijionyeshe lenyewe bila adhabu, ili mtoto ajaribu tena. Lakini ustadi wa kusogeza kadi hauhamii wenyewe kwenye daftari, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika, amwonyeshe mwanafunzi kuwa alichokifanya kwenye kioo na mlinganyo ulioandikwa ubaoni ni kitu kimoja, na kumtaka aeleze kwa maneno yake kwa nini kila hatua ilikuwa halali.