Kabla ya Fedha za Korosho

Kiswere, kijiji kilichojificha ndani ya ghuba kati ya Kilwa Masoko na mji wa Lindi, hakihitaji Januari ili kijue mwaka umegeuka. Ikifika mwishoni mwa Agosti, kusi huanza kuchoka. Bahari iliyochafuka tangu Juni hutulia asubuhi, vyombo vidogo vinathubutu kutoka nje ya mlango wa ghuba, na mikorosho iliyochanua inaanza kubeba. Ndiyo demani hiyo. Ulaya wana majira yao ya machipuko, na maazimio yao ya kupunguza tumbo. Mtu wa mwambao akitaka kuanza mwenendo mpya, wakati wake ndio huu. Wazee nao hawakuingojea Januari: mwaka wa jua wa Waswahili, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, huanzia Nairuzi, na watu wa Makunduchi, Zanzibar, hadi leo huoga Mwaka kila Julai.

Tatizo ni kwamba demani ni fupi, na nyuma yake zinakuja fedha.

Tazama sahani ya Septemba katika vijiji vya ukanda huu. Fedha za ufuta zimekwisha kitambo, kwa ada za shule na madeni ya dukani. Kinacholiwa ni kilichopo: ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi za nazi, dagaa, samaki wa kuchemsha, na ming'oko iliyochimbwa porini. Shambani watu wanakwenda kwa miguu. Bamvua likifika na maji yakapwa, akina mama hushuka mwambani kusaka pweza, wakarudi jua limeshapanda, ndoo kichwani. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki. Wengi wa akina mama hawa wanazimaliza Jumanne haijaisha. Kumwambia mtu wa namna hiyo afanye mazoezi ni kumtania. Mwenye duka, mwalimu na kijana anayeshinda juu ya pikipiki, hao ndio wa kuambiwa.

Kisha inafika Oktoba. Korosho za Kilwa na Lindi huuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha Lindi Mwambao, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapima mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, mnada unafanyika, naye anasubiri fedha ziingie kwenye akaunti. Zikiingia, yule yule aliyekwenda shambani kwa miguu mwezi uliopita anaita bodaboda imfikishe dukani. Soda zinanunuliwa kwa kreti. Mbaazi zinageuka chakula cha shida, na sinia linajaa wali mweupe, chapati na samaki aliyezamishwa kwenye mafuta. Sibezi furaha hiyo. Mtu aliyepalilia, akapuliza salfa alfajiri kuzuia ubwiriunga, akaokota korosho moja moja huku ameinama, ana haki ya kupumua. Ninachokipinga ni hesabu tuliyonayo vichwani, kwamba chakula kinapanda heshima kadiri kinavyotoka mbali na shamba letu.

Mbaazi ni ushahidi mzuri. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ya mbaazi nchini iliporomoka vibaya na wakulima wa kusini wakaumia. Lakini utomwili uliomo ndani ya punje haukushuka bei. Mabibo nayo, yenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, yanaozea chini ya mikorosho kila msimu au yanaishia kwenye pombe ya uraka. Watoto ndio peke yao wanaoyapa haki yake, na kufua nguo zenye madoa yake ni adhabu ya mama.

Yapo mambo ambayo hata sahani ya Septemba haiyaponyi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba, kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja kwa kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Presha haiumi. Mtu anapalilia nayo, anavua nayo, anaoa nayo. Na pwani tuna njia yetu ya kuilisha: ng'onda. Samaki amekwishalala kwenye chumvi, akaanikwa, kisha mpishi anaonja mchuzi na kuongeza kijiko. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Kumloweka ng'onda usiku, kumwaga yale maji na kuziachia ndimu na pilipili kazi ya ladha hakugharimu chochote. Sukari ya chai ni vita nyingine, na sijamwona aliyeishinda mbele ya mkwewe.

Kumwacha kila mtu na azma yake ni kupoteza muda. Nchi hii ilishawahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kujifunza. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili malaria na kichocho, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Nguvu yake ilikuwa pale kwenye kikundi. Ukisema mbele ya jirani kwamba kesho utachimba choo, kesho jirani atakuja kutazama shimo.

Kikundi cha leo tunacho, ila tunakitumia kwa korosho tu. Siku ya kupima kwenye AMCOS, kijiji kizima kipo ghalani. Watu wamekalia magunia, wanasubiri zamu, hawana haraka, na wengi ni wanaume waliovuka miaka 40, kundi ambalo zahanati hulipata kwa nadra mpaka litakapobebwa. Mhudumu wa afya na kipimo kimoja cha presha kando ya mzani wangetosha kuanzia. Mzani utakuwepo Oktoba bila kuombwa. Kipimo kinahitaji kuombwa, na mahali pa kukiombea ni mkutano wa kijiji wa sasa hivi, wakati kila mtu bado ana nafasi ya kuhudhuria.