UZI: "Biblia imekataza." Maswali matatu ya kuuliza kabla hujapiga makofi

1/ Kwa matanga yoyote Gusii, kuanzia Ogembo hadi Nyansiongo, mwanasiasa akipewa maiki huwa hachelewi kufika kwa Biblia. Ushoga, wake wengi, vijana kukaa pamoja bila harusi: jibu ni "Biblia imekataza", watu wanasema amina, mjadala unafungwa. Lakini ndani ya maneno hayo mawili kuna mambo matatu yamechanganywa. Hebu tuyatenganishe.

2/ Kuna Maandiko yenyewe. Kuna kanuni za kanisa. Na kuna sheria ya Kenya. Kitu kinaweza kuwa dhambi na kisiwe jinai. Kinaweza kuwa jinai na Biblia haikukitaja popote. Na makanisa mawili yanaweza kusoma mstari mmoja yakatoka na majibu mawili. Kwa hivyo uliza: mstari gani? Kanisa gani? Kifungu gani cha sheria?

3/ Tuanze na wanapokubaliana. Wakatoliki waliofika Nyabururu mwaka wa 1911 na Wasabato waliojenga Nyanchwa miaka hiyo hiyo wanafundisha jambo moja hapa: tendo la ndoa ni la mume na mke waliooana. Msingi wao ni Mwanzo 2 na Mathayo 19. Kisha kuna Mambo ya Walawi 18, yenye orodha ya makatazo: ndugu wa damu, mke wa jirani, mwanamume na mwanamume, wanyama.

4/ Sasa, orodha hiyo hiyo inamkataza mume kulala na mkewe akiwa kwenye hedhi. Hilo hulisikii jukwaani. Wakristo wengi husema sheria za usafi zilipita, za maadili zimebaki, na wanatafuta uthibitisho kwenye Agano Jipya, kama Warumi 1 na 1 Wakorintho 6. Ni hoja ya kweli. Lakini ujue kwamba mtu anayekusomea Walawi tayari ameshachagua asome wapi na aruke wapi.

5/ Wake wengi. Yakobo na Daudi walikuwa nao. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba askofu awe na mke mmoja. Wasabato, tangu 1941, humtaka mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe. Waanglikana, kwenye mkutano wa Lambeth wa 1988, walikubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake, mradi aahidi kutooa mwingine. Majirani zetu wa kanisa la Nomiya wamekubali wake wengi tangu zamani.

6/ Waanglikana walitoa sababu: mwanamume asilazimishwe kufukuza wake, kwa sababu ya shida itakayowapata akina mama hao. Hebu fikiria bibi wa pili aliyelima shamba la chai miaka 20, halafu anaambiwa wokovu wa mzee unamhitaji aondoke. Arudi wapi? Watoto wafuate nani? Hilo ndilo swali lililoyagawanya makanisa, na wote walikuwa wameshika Biblia ile ile.

7/ Kisheria? Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano za ndoa. Ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu zaidi. Ukishafunga ndoa kanisani, huwezi kuongeza wa pili kimila ukidai ni utamaduni wa Omogusii. Na uzinzi? Ni dhambi kwa kila kanisa, ni sababu ya kuomba talaka kortini, lakini polisi hawakushiki kwa huo.

8/ Kurithi mjane. Walawi 18 inamkataza mtu kumchukua mke wa nduguye. Kumbukumbu la Torati 25 inamwagiza ndugu wa marehemu asiye na mtoto amwoe mjane. Wasomaji wengi husema la kwanza linahusu ndugu aliye hai. Lakini hakuna mstari unaotumika kumnyang'anya mjane shamba kwa sababu amekataa shemeji. Hilo ni la watu, tusilitwike Biblia.

9/ Kuna na jambo linalowachanganya watu wa nje. Zamani Gusii, mama asiye na mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari na kuoa mwanamke, ili huyo azae watoto wa kurithi boma. Makabila mengine ya Kenya yalifanya vivyo hivyo, na mwaka wa 2011 Mahakama Kuu Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii katika kesi ya mirathi ya Wanandi. Hawa wawili hawakuwa wapenzi. Suala lilikuwa jina na ardhi. Wanaoileta kwenye mjadala wa ushoga, wa upande wowote, wanapotosha.

10/ Ushoga wenyewe sasa. Makanisa makubwa ya hapa yanasema ni dhambi. Vatikani iliporuhusu aina fulani ya baraka mnamo Desemba 2023, maaskofu wa Afrika walijibu mwezi uliofuata kwamba baraka hizo hazifai kwetu. Hilo ni la kanisa. Kwa upande wa sheria, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ni urithi wa mkoloni Mwingereza, na adhabu yake inafika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ikasema watu hawa wana haki ya kusajili shirika. Haikuhalalisha ndoa wala tendo, hata kama umeforwadiwa hivyo.

11/ Na wanandoa je, kila kitu ruksa? Mpango wa uzazi: Kanisa Katoliki lilikataa njia zisizo za asili katika waraka wa 1968. Waanglikana walifungua mlango 1930, na Wasabato wanawaachia wanandoa waamue. Kisa cha Onani kwenye Mwanzo 38 wote wanakijua. Wengine wanaona kosa lake ni kuzuia mimba, wengine wanaona ni kumdhulumu mjane wa kaka yake.

12/ Mstari ambao wanaume wengi wanaupenda ni 1 Wakorintho 7, kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake. Endelea kusoma. Paulo anasema mume pia hana juu ya wake, na kwamba kunyimana kuwe kwa kupatana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliacha mwanya kwa waliooana, lakini Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa. Mke anaweza kwenda kortini kuomba ulinzi.

13/ Halafu kuna ambayo Biblia haisemi. Haitaji tohara ya wasichana popote. Iliyomo ni ya wanaume. Kenya imepiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya 2011, hata ukifanywa na nesi kwa siri usiku. Biblia haitoi umri wa kuolewa pia. Sheria inasema miaka 18. Kunajisi mtoto wa miaka 16 au 17 ni kifungo kisichopungua miaka 15. Wa 12 hadi 15, miaka 20. Wa 11 kushuka, maisha.

14/ Na hapa ndipo tunapoumia. Chinsoni, heshima yetu ya kutozungumza mambo ya kitandani mbele ya wazazi na watoto, ina uzuri wake. Lakini mtoto anapodhulumiwa, aibu hiyo hiyo inaweza kutumika kuimaliza kesi sebuleni kwa ng'ombe na pole. Kisheria, wazee hawana uwezo wa kuifuta kesi hiyo. Uamuzi huo ni wa mwendesha mashtaka wa umma.

15/ Kwa hivyo mheshimiwa akishika maiki, msikilize kwa adabu, kisha muulize yale matatu: mstari gani, kanisa gani, kifungu gani? Ongeza la nne: mbona dhambi unazozitaja kwa sauti ni za watu ambao hawako hapa, na za wasichana wa kijiji hiki huzitaji? Akijibu vizuri, mpigie makofi.