Moto, Saa na Sahani: Sayansi ya Chakula Kiliwacho Nje ya Nyumba

Jua linapokaribia kuzama baharini, meza za chakula huanza kupangwa katika bustani ya Forodhani, mjini Unguja, mbele ya Ngome Kongwe. Bustani hii, iliyofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni mojawapo ya mahali maarufu kabisa pa kula nje katika pwani ya Afrika Mashariki. Hapo pana mishikaki ya ng'ombe na ya jodari, pweza, muhogo wa kuchoma, urojo, chapati za mayai na nyama ambazo wenyeji wameziita piza ya Zanzibar, na maji ya miwa yanayokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Wageni na wenyeji huzunguka meza baada ya meza, wakitazama, wakiuliza bei, na wakijiuliza kimoyomoyo: ni wapi pa kula bila ya kuumwa?

Wengi huamua kwa macho. Kitambaa cheupe mezani, kofia ya mpishi na glavu za plastiki mikononi mwake huhesabiwa kuwa dalili za usalama. Moshi, masizi na sufuria iliyobonyea huhesabiwa kuwa dalili za hatari. Usafi wa macho una maana yake, lakini sayansi ya chakula hutazama kwanza mambo mawili yasiyoonekana upesi: chakula kina joto la kiasi gani sasa, na tangu kilipoiva kimekaa saa ngapi. Ili kufahamu sababu yake, hapana chakula kinachofundisha vizuri kuliko wali.

Katika punje za mchele, kama katika nafaka nyingine na katika udongo zinamoota, huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus. Hali ya maisha inapokuwa ngumu, bakteria huyu hujifungia ndani ya gamba gumu na kuwa kitu kidogo kiitwacho spora. Spora haili, haikui wala haizai, inangoja tu. Maji yanayochemka huua bakteria wengi walio hai, lakini spora nyingi za jamii hii huvumilia kuchemshwa kwa muda wote ambao wali hupikwa. Zaidi ya hayo, joto la jiko huziamsha baadhi yake. Wali unapoepuliwa na kuanza kupoa, spora hupasua gamba zikawa bakteria hai, nao hujikuta katika sufuria yenye wanga, maji na uvuguvugu, pasipo mshindani hata mmoja, kwa kuwa washindani wote wamekufa kwa moto.

Madhara ya kiumbe huyu yalielezwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu na Steinar Hauge wa Norwe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wapatao 600 waliugua tumbo mjini Oslo baada ya kula chakula kilichotiwa mchuzi mtamu wa vanila. Mchuzi huo ulikuwa umepikwa kwa wanga wa mahindi siku moja kabla, ukaachwa bila ya kuwekwa kwenye baridi. Hauge aliotesha bakteria hao katika mchuzi wa namna ileile, akanywa yeye mwenyewe, na baada ya saa 13 hivi akashikwa na maumivu ya tumbo na kuhara. (Jaribio la namna hiyo halingepata kibali leo, na mwanafunzi asithubutu kuliiga.)

Kuanzia mwaka 1971 waganga wa Uingereza walianza kukuta ugonjwa mwingine wa bakteria huyuhuyu. Safari hii mgonjwa hakuharisha kwanza; alitapika, tena saa 1 hadi 6 tu baada ya kula. Uchunguzi uliwafikisha kwenye mikahawa iliyouza wali wa kukaanga. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi jioni, wakauacha nje usiku kucha kwa sababu wali uliotiwa katika jokofu hugandamana, kisha kesho yake waliukaanga haraka kwa mafuta ya moto. Kila sahani ilitoka jikoni ikifuka mvuke, na bado watu waliugua.

Sababu ni kwamba bakteria huyu anapokua katika wali hutoa sumu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Japani waliitambua sumu hiyo kuwa molekuli ndogo yenye umbo la duara, na ikaitwa sereulaidi. Sumu hii haiharibiki kwa joto la nyuzi 121 za Sentigredi, ambalo ni joto la mashine za kuua vijidudu hospitalini. Mwenye kupasha moto kiporo, basi, huua bakteria na kuiacha sumu yao palepale. Pua nayo haisaidii sana, kwa kuwa wali waweza kuwa na sumu ya kutosha kabla haujachacha wala kunuka. Kwa kawaida mgonjwa hupona ndani ya siku moja. Hata hivyo, sumu hii imewahi kuua kwa kuliharibu ini, kama ilivyotokea Ulaya kwa vijana waliokula tambi zilizoachwa nje kwa siku kadhaa.

Hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni. Ichukuliwe kuwa gramu moja ya wali ina bakteria 10 tu walioamka, na kwamba katika joto la nyuzi 30 kila mmoja hujigawa mara moja kwa nusu saa. Baada ya saa 2 watakuwa 160. Baada ya saa 4 watakuwa 2,560. Baada ya saa 8, yaani kutoka wali kuepuliwa saa 4 asubuhi hadi wageni wa mwisho wale saa 12 jioni, watakuwa 655,360 katika kila gramu. Katika hali halisi bakteria huchelewa kidogo kuanza, na kasi yao hubadilika kadiri joto linavyobadilika; lakini umbo la mchoro halibadiliki. Saa mbili za kwanza ni kama tambarare, na za mwisho ni ukuta. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2001 wenye kanuni tano za chakula salama, lilishauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kwamba chakula kinachongoja kuliwa kiwe ama juu ya nyuzi 60 ama chini ya nyuzi 5.

Mchuzi wa nyama wa karamu una adui wake mwingine, Clostridium perfringens. Huyu naye huacha spora zinazovumilia moto, na hachukii kukosa hewa; na hewa ndiyo kwanza iliyofukuzwa katika jungu kubwa lililotokota kwa saa nyingi. Katika joto linalokaribia nyuzi 45 aweza kujigawa kwa muda usiofika dakika 10. Kwa bahati njema hushindwa mahali ambapo yule wa wali hushinda: ili amdhuru mlaji, hapana budi aliwe akiwa hai na kwa wingi mkubwa, kwani sumu yake huitolea tumboni. Mchuzi uliopashwa moto hadi ukachemka wote, si pembeni tu, humuua. Maana yake ni kwamba ushauri wa kupasha moto chakula ni wa kweli kwa mchuzi na si wa kweli kwa wali, ingawa vyote viwili viko katika sahani moja.

Jodari wa Forodhani naye yuko upande wa wali. Samaki wa jamii hiyo akivuliwa na kuachwa juani bila ya barafu, bakteria hugeuza sehemu ya protini yake kuwa histamini. Mlaji huhisi ukali mdomoni kama wa pilipili, uso huiva, kichwa humgonga, tena mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Kuchoma hakuiondoi histamini. Usalama wa mshikaki huo uliamuliwa asubuhi ndani ya chombo cha mvuvi.

Ama urojo, una kinga yake ya asili. Uchachu wa ndimu, ukwaju au embe bichi huwazuia bakteria wengi kukua, ijapokuwa hauviponyi viazi na bajia vilivyoharibika kabla ya kutiwa bakulini. Ndimu si kikolezo cha ulimi peke yake: nchini Guinea-Bissau, wakati wa milipuko ya kipindupindu katika miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wa wali walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache kuliko wasiotia.

Suala la joto lina upande wa fizikia ambao wapishi wa Kiswahili waliujua kwa uzoefu. Wali ulio katikati ya jungu hupoa kwa kupitisha joto punje kwa punje hadi nje, na muda unaohitajika huongezeka, kwa kukadiria, kwa mraba wa kina. Wali wenye kina cha sentimeta 20 haupoi kwa muda mara nne ya ule wa sentimeta 5, bali kwa muda unaokaribia mara 16. Jungu la pilau lililofunikwa na kuachwa kando ya jiko ni kama kiota cha kuatamia vijidudu: nje limepoa, katikati lina uvuguvugu kwa saa nyingi. Kuna njia mbili za kulitendea. Ya kwanza ni kupalia makaa juu ya kifuniko na kuacha mengine chini, ili chakula kisishuke chini ya nyuzi 60 hadi kiliwe. Ya pili ni kukipakua mapema katika masinia mapana, wali ukapoa upesi. Lakini hii ya pili ina mpaka wake. Hewa ya pwani yenyewe ni nyuzi 28 au 30, na wali hauwezi kupoa kupita hewa inayouzunguka. Pasipo jokofu, sinia humpa mlaji nafasi ya kula, si nafasi ya kuweka akiba.

Kwa kipimo hiki cha moto na saa, mama lishe anastahili kutazamwa upya. Zamani aliitwa mama ntilie, kutokana na ombi la mteja aliyenyoosha sahani yake. Huamka alfajiri, hununua kiasi atakachouza, huinjika sufuria zake kabla ya adhuhuri, na ifikapo saa 8 mchana amekwisha kuuza. Wali unaobaki ni hasara yake, na hasara humfundisha kupika kidogo. Chakula chake hutoka motoni kuingia katika sahani. Linganisha na ukumbi wa sherehe ambamo pilau iliyopikwa usiku hungoja hotuba, picha na wageni wa heshima hadi jioni, ikipashwa kwa mshumaa mdogo chini ya chombo kinachong'aa. Macho huusifu ukumbi. Kipimajoto kingemsifu mama lishe.

Haifai, hata hivyo, kumpamba kupita kiasi. Udhaifu wake uko kwenye maji. Ndoo moja ya kuoshea sahani za wateja wote, kachumbari iliyokatwa kwa mkono ambao umetoka kushika nyama mbichi au noti, barafu ya asili isiyojulikana: hizi ni njia za kipindupindu na homa ya matumbo. Glavu nazo haziongezi kitu iwapo aliyezivaa hupokea pesa na kurudi kwenye mishikaki bila ya kuzivua; mkono ulionawa kwa sabuni unazishinda. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, uuzaji wa chakula barabarani ulipigwa marufuku katika sehemu mbalimbali. Hatua kama hiyo inaeleweka wakati wa hatari, lakini humwondoa mpishi na kuacha tatizo mahali pake, kwa kuwa vibarua na wanafunzi wanaomtegemea hula mahali pengine penye ndoo ileile. Bomba la maji safi kando ya vibanda kumi lingefanya kazi kubwa kuliko amri kumi. Mzigo wenyewe si mdogo: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa chakula kibaya huwaugusha watu milioni 600 duniani kila mwaka na kuwaua 420,000, na kwamba Afrika ndiyo inayoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Shule yenye vipimajoto viwili yaweza kuichunguza habari hii kwa alasiri moja. Upikwe wali au uji mzito, ugawanywe sawa kwa uzito: nusu katika kopo refu jembamba, nusu katika sinia pana. Vipimajoto vizamishwe hadi katikati ya kila chombo, na joto lisomwe kila baada ya dakika 10 kwa saa 3, kisha michoro miwili ichorwe juu ya karatasi moja ya grafu, na mstari upigwe penye nyuzi 60. Chakula hicho kisiliwe. Kuku wa shule wanaweza kuachiwa kile cha sinia. Wanafunzi wa Njombe mwezi wa Julai watapata michoro isiyofanana na ya wenzao wa Tanga mwezi wa Februari, na mwalimu aweza kuwauliza: ni katika mji upi, na kwa saa ngapi, wali wa kopo ulikaa kati ya nyuzi 60 na 30?