Noti za Kubuni za Ulimwengu wa Kale: Utangulizi

Shika noti yenye sura ya Tutankhamun, Farao wa Misri, na tarakimu 100 pembeni, kisha itafute benki kuu iliyoitoa. Hutaiona. Hiyo ndiyo noti ya kubuni: mchoro wenye umbo la fedha, uliochapishwa na mtu au kampuni binafsi kwa ajili ya wakusanyaji. Usiichanganye na noti bandia. Bandia huiga fedha halali ili kudanganya. Noti ya kubuni haiigi noti yoyote halisi.

Pengine unajiuliza kama watu wa kale walikuwa na noti. Hawakuwa nazo. Serikali ya kwanza kutoa fedha za karatasi ilikuwa ya nasaba ya Song, China, katika miaka ya 1020. Warumi walitumia sarafu. Misri ya Mafarao, kwa sehemu kubwa ya historia yake, haikuwa hata na sarafu: bei zilihesabiwa kwa debeni, kipimo cha uzito kilichokaribia gramu 91 za shaba wakati wa Tutankhamun. Basi mchoraji hana noti ya kale ya kunakili. Anabuni, nasi tunapima ubunifu wake kwa historia. Kwangu, hapo ndipo penye utamu wote.

Tuchukue noti ya denari 25 yenye kichwa cha Julius Caesar. Denari ilikuwa sarafu ya fedha ya Kirumi, na katika mfumo wa sarafu wa Kaisari Augustus, denari 25 zilikuwa sawa na aureo moja, sarafu ya dhahabu. Aliyechagua 25 badala ya 20 amesoma. Sasa tazama uso. Mwaka 44 KK, Caesar akiwa hai, sura yake iliwekwa kwenye denari za Roma: shingo yenye mikunjo, shada kichwani. Ukimkuta kijana mwenye nywele nene, mchoraji hakuiangalia sarafu.

Baada ya hapo ndipo ugeukie ufundi: alama ya maji, yaani picha iliyofichwa ndani ya karatasi, au polima, plastiki nyembamba ambayo Australia ilianza kuitumia kwa noti mwaka 1988. Kuhusu bei, tahadhari: mchapishaji binafsi anaweza kuchapisha tena, na noti isiyowahi kupita mikononi mwa watu sokoni haiwi adimu kwa kuwa safi tu.

Anza na noti moja ya bei nafuu, na kabla ya kununua ya pili, isome ya kwanza ukiwa na picha ya sarafu halisi kando yake.