Dawa Ikikukataa: Yaliyo Kweli na Yasiyo Kweli

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Vijiji vya wavuvi nchini Uganda vina VVU kupita wastani wa taifa, kwa hiyo vidonge vya kila siku ni jambo la kawaida huku, na maneno juu ya vidonge hivyo hayaishi.

"Upele ukitoka, ujue dawa inafukuza sumu."

Si kweli. Upele unaowasha tu huweza kupita wenyewe, ingawa mhudumu wa afya anafaa auone. Wa kuogopa ni ule unaokuja na homa, macho mekundu, vidonda midomoni, malengelenge, na ngozi inayouma kuliko inavyowasha. Hapo seli za kinga zinaua ngozi ya mwenye mwili, mpaka inabanduka kwa kuguswa. Madaktari huuita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Huo ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti zote za dawa mkononi.

"Siku tatu zimepita salama, basi dawa imenikubali."

Si kweli. Kinga huchukua muda kujipanga. Stevens-Johnson huanza zaidi kati ya siku ya 4 na ya 28. Ndiyo maana dawa ya VVU ya nevirapini ilianzwa kwa nusu ya dozi kwa siku 14.

"Ni mambo ya jeni. Ukiwa nayo, huponi. Usipokuwa nayo, huna wasiwasi."

Nusu kweli, na nusu ya pili ndiyo yenye madhara. Jeni maarufu kuliko zote katika suala hili ni HLA-B*57:01, inayohusishwa na dawa ya VVU iitwayo abakaviri. Utafiti wa PREDICT-1, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba ukiwapima watu kwanza na kuwanyima abakaviri wenye jeni hiyo, mzio uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi unatoweka kabisa. Lakini kati ya wenye jeni waliopewa dawa, karibu nusu hawakupata mzio huo.

Halafu kuna suala la nani ana jeni ipi. Kwa Wamasai wa Kenya HLA-B*57:01 imeonekana kwa asilimia 13.6, kwa Waluhya 3.3, na kwa Wayoruba wa Nigeria haikuonekana. Anayesema "jeni za Waafrika" anasema nini hasa? Wala si abakaviri peke yake yenye mzio: katika utafiti wa NORA nchini Uganda, watu 300 walipewa abakaviri na 300 nevirapini. Walioshukiwa kupata mzio walikuwa 6 upande wa kwanza na 14 upande wa pili.

Tena mwili wenye jeni zile zile hubadilika. Dawa ya kifua kikuu ya thiasetazoni ilikuwa imetumika Afrika Mashariki kwa miaka mingi kabla VVU haijaingia. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi waliripoti kwamba kati ya wagonjwa wenye VVU, mmoja kwa kila watano aliharibika ngozi. Kati ya wasio na VVU, ni kama mmoja kwa mia. Wapo waliokufa. Jeni walizozaliwa nazo hazikubadilika. Kilichovurugika ni kinga.

"Damu inaweza kuonyesha mapema kwamba mzio umeanza."

Kweli kwenye maabara, bado kwenye zahanati. Jeni nyingi za seli hukaa zimezimwa, na zinazowashwa huacha nakala za RNA zinazoweza kuhesabiwa. Mwaka 2008 wanasayansi wa Taiwan walichunguza seli za ndani ya malengelenge ya wagonjwa wa Stevens-Johnson wakakuta jeni ya granulisini imewaka mno. Protini yake ndiyo inayoua ngozi. Miaka michache baadaye Wajapani walijaribu kipimo cha ukanda, mfano wa kile cha malaria, kinachotafuta granulisini damuni kwa dakika 15. Wagonjwa waliopimwa walikuwa wachache mno, lakini mimi ningeweka fedha hapo kabla ya mashine yoyote kubwa.

Ugumu ni kwamba malaria, kifua kikuu na VVU yenyewe pia huwasha jeni za kinga. Kipimo kilichosanifiwa kwa damu ya Taipei kinaweza kupiga kelele bure kwa mvuvi mwenye homa. Na RNA huharibika upesi isipohifadhiwa kwa dawa maalumu. Hata hivyo njia ipo: kwa kifua kikuu imekwisha tengenezwa katriji inayosoma jeni tatu za mgonjwa mwenyewe kwa damu ya kidole, kwenye mashine za GeneXpert ambazo hospitali za Uganda tayari zinazijua.

"Septrin imenikataa, nitanunua nyingine ng'ambo."

Hapana kabisa. Ukivuka Mpondwe kwenda Kasindi, upande wa Kongo, utauziwa Bactrim, nayo ni Septrin kwa jina jingine: kotrimoksazoli ile ile, yenye salfa. Fansidar ya malaria nayo ina salfa. Seli za kinga zilizokwisha itambua dawa hazianzi tena kuhesabu siku. Kwa abakaviri, kurudia kumeua watu ndani ya saa chache. Mwombe muuguzi aandike kwenye kadi jina la dawa yenyewe, kotrimoksazoli, si jina la kiwandani, na tarehe upele ulipoanza. Kadi hiyo uwe nayo hata siku ya soko.